Idhini ya Ng'ambo: karne ya maandiko ya madaktari Katanga

John Everett Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, hajatimiza miaka 31, kwa homa ileile aliyokuwa akiichunguza. Yeye na mwenzake John Lancelot Todd walitumwa na Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool. Walipanda Mto Kongo hadi Maniema, na njiani wote wawili wakashikwa na homa ile inayopanda siku chache, ikatulia, mgonjwa akadhani amepona, kisha ikamrudia. Todd alipona, Dutton hakupona. Kabla ya kufa kwake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba homa hiyo huletwa na papasi: waliwaacha papasi wawang'ate kima, na kima wakaugua. Miezi michache kabla yao, madaktari Ross na Milne walikuwa wamefikia jibu hilohilo Uganda. Bakteria wa homa hiyo leo ana jina la Dutton. Papasi hakuhitaji jina jipya katika Kiswahili, alikuwa nalo. Wapagazi wa njia ya Tabora na Ujiji walimjua muda mrefu kabla hadubini haijafika.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na ushujaa kweli ulikuwepo. Mimi huvutwa na upande mwingine: safari ile iliidhinishwa na nani? Mfalme Leopold wa Pili ndiye aliyetaka Liverpool ichunguze ugonjwa wa malale katika dola lake la Kongo. Shule yenyewe ilianzishwa mwaka 1898 kwa msukumo na fedha za Alfred Jones, tajiri wa meli, aliyekuwa pia konseli wa Kongo mjini Liverpool, na ambaye meli zake zilibeba mpira wa Leopold kuupeleka Antwerp. Kwa lugha ya leo tungesema mwenye meli ndiye mfadhili, mfalme ndiye mwenyeji, na vijana wawili wenye hadubini ndio waandishi wa andiko. Wanakijiji waliopangwa mstari wakabinywa shingo kutafutwa tezi zilizovimba hawakuwa na nafasi popote katika karatasi zile, ila kama hesabu.

Siku hizi kila daktari kijana wa Lubumbashi anajua andiko la mradi ni nini, hata kama yeye atasema tu *projet*. Ni kurasa 20 au 30 zinazoeleza tatizo, swali, njia ya kulijibu, muda na gharama, zikapelekwa kwa kamati, kwa chuo, kwa chama cha wataalamu, kwa mfadhili. Lina ndugu yake anayeitwa andiko la msimamo: hilo haliombi fedha, linaomba kusikilizwa. Chama cha madaktari kinasema, sisi kwa ujuzi wetu tunaona hivi, serikali na kampuni zifanye vile. Nimesoma mengi ya aina zote mbili, ya zamani na ya sasa, na nimejizoesha kuanza nyuma, kwenye ukurasa wa fedha na sahihi. Tabia mbaya labda. Lakini ukiisoma historia ya tiba ya Katanga kuanzia nyuma namna hiyo, inakuonyesha jambo ambalo sifa za hospitali na chanjo hazikuonyeshi: kwa muda mrefu sana swali kuhusu mwili wa mtu wa Katanga liliulizwa na mtu mwingine, likaidhinishwa ng'ambo, na jibu lake likachapishwa hukohuko.

Katanga haikuingia katika tiba kwa mlango wa misheni peke yake, kama sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Iliingia kwa mlango wa mgodi. Comité Spécial du Katanga, chombo kilichotawala jimbo kama kampuni, kiliundwa mwaka 1900. Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa Oktoba 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910 mahali palipokuwa panapimwa viwanja vya mji mpya, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza. Kati ya Oktoba 1910 na Septemba 1912 msafara wa kisayansi ulioongozwa na daktari Jérôme Rodhain ulizunguka Katanga ukichunguza malale na mbung'o wanaoyaeneza. Hofu haikuwa ya kubuni. Malale yalikuwa yameua watu wengi mno kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na bonde la Luapula lilionekana njia wazi. Ila tazama ramani ya maeneo yaliyopewa uzito kisha uiweke juu ya ramani ya njia za vibarua na reli. Zinakaribia kulingana.

Vibarua walitoka mbali, kutoka Kasai na Lomami, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, baadaye Ruanda-Urundi. Walilala wamesongamana kambini, wakafa kwa homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo, na mwaka 1918 mafua ya dunia yakapita juu yao. Kampuni iliona kwamba mtu aliyesafirishwa kwa gharama kutoka Lomami kisha akafa mwezi wa tatu ni hasara. Hapo ndipo daktari wa kampuni alipopata sauti. Arthur Pearson na René Mouchet walichapisha London mwaka 1923 kitabu cha Kiingereza kuhusu usafi wa makambi ya wafanyakazi, wakikusanya uzoefu wa miaka 18 ya kazi ya Wazungu Katanga. Ukikifungua unakuta mambo ya choo, maji, unene wa ukuta, kiasi cha chakula. Ni kitabu kizuri, nakiri. Kinaandika kuhusu choo kwa uangalifu ambao madiwani wengi wa leo hawana. Na kila ushauri ndani yake unapimwa kwa kipimo kimoja, yaani nguvu kazi ibaki kazini.

Wakati huohuo vyama vya wataalamu vilikuwa vinazaliwa Ulaya. London ilipata chama chake cha tiba ya nchi za joto mwaka 1907. Brussels ilipata chake, Société belge de médecine tropicale, mwaka 1920, pamoja na jarida lake, *Annales*. Daktari aliyekuwa Élisabethville au Kongolo akigundua jambo, aliliandika, akalituma kwa reli na meli, na miezi kadhaa baadaye lilisomwa mbele ya mabwana walioketi Brussels. Rodhain mwenyewe alirudi Ubelgiji akawa mkuu wa taasisi ya tiba iliyohamishiwa Antwerp mwaka 1933. Kwa hiyo mwandishi wa ripoti za Katanga akawa mpokeaji wa ripoti za Katanga. Mzunguko ukafungika.

Mji nao uliandikwa na madaktari. Katika miaka ya 1910 na 1920 hoja ya usafi na malaria ndiyo iliyotumika kutenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika kwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, ambao nadharia ilisema mbu hatauvuka. Mtaa wa Waafrika ukahamishwa kusini, mahali tunapopaita Kamalondo. Wapishi, yaya na madobi walivuka ukanda huo kila alfajiri na kila jioni, na mbu, kama walikuwa na haja, walivuka nao. Andiko la kitabibu likawa ukuta usio na matofali. Anayetembea leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo bado anakutana na mahali ambapo mji unapumua ghafla: uwanja, jengo kubwa la umma, barabara pana. Huo ndio ukanda wenyewe, umejazwajazwa.

Kuhusu walichokuwa wakiwaza watu wa Kamalondo wakati huo, majarida ya Brussels hayana msaada. Kuna karatasi nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani, historia ya mji wa Élisabethville jinsi walivyoiona wale waliopika na kufua. Ilipigwa chapa na kudurufiwa; mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990. Humo wamo batumbula. Mtumbula, kwa watu wa Katanga, ni yule anayewinda watu usiku kwa ajili ya Wazungu, awapeleke shimoni, wanenepeshwe, waliwe. Pwani tuna mumiani. Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto. Msomi anaweza kuandika sura nzima kuhusu hofu hizo, na wapo walioandika. Mimi nasema tu kwamba watu waliokuwa wakitobolewa vidole, wakipimwa vifua, wakihesabiwa, wasiambiwe damu imekwenda wapi wala imesema nini, walijitungia ukurasa uliokosekana katika lile andiko. Na waliuandika kwa lugha yao bila kuomba idhini kwa mtu.

Kuanzia karibu mwaka 1928 Union Minière ilibadili siasa. Badala ya kuleta vibarua wa miezi sita na kuwarudisha, ilitaka mfanyakazi akae, aje na mkewe, azae kambini. Ndipo zikaja kliniki za watoto, mizani ya kupima vichanga, maziwa, na posho ya chakula iliyogawiwa kwa juma. Lubumbashi hadi leo wako wazee wanaolihesabu juma kwa posho. Mtu aliyeisimamia na kuieleza dunia siasa hii alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 taasisi ya kifalme ya mambo ya makoloni mjini Brussels ilichapisha andiko lake kuhusu siasa ya jamii ya Union Minière na matokeo yake kwa miaka 20.

Ukitaka kuona andiko la msimamo katika umbo lake kamili, hilo hapo. Mwandishi ni mtaalamu. Anapeleka kwa chama cha wasomi. Ana takwimu: vifo vya wafanyakazi vimeshuka, watoto wanaozaliwa wameongezeka, na hilo ni kweli. Kisha kutoka katika takwimu anapanda hadi kwenye falsafa, kwamba Mwafrika ni wa kulelewa kama mtoto na kampuni ni mzazi wake. Miaka mitano kabla ya andiko hilo, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara walikusanyika uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakapigwa risasi na askari. Msemaji wao Léonard Mpoyi alikuwa miongoni mwa waliouawa. Walikuwa na dai lao, walilisema kwa adabu, na walilipeleka kwa mkubwa wao. Halikuwa katika umbo linalokubalika.

Mwaka huohuo 1946 kilianzishwa Élisabethville kituo cha kuchunguza matatizo ya jamii za wenyeji, CEPSI, na jarida lake. Mwaka 1950, kwa kutimiza miaka 50 ya Comité Spécial, mji ulialika kongamano kubwa la kisayansi. Sasa angalau utafiti ulianza kusomwa Katanga kwenyewe, katika ukumbi wa Katanga. Waliousoma walikuwa Wabelgiji karibu wote. Mwafrika wa juu kabisa katika tiba alikuwa msaidizi wa daktari, cheo kilichotafunwa na maneno: alisoma miaka mingi, alipasua, alizalisha, aliongoza wodi usiku daktari akiwa amelala, lakini si daktari. Jason Sendwe, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mmoja wao. Alikuja kuongoza chama cha BALUBAKAT, akapingana na Tshombe aliyeongoza kujitenga kwa Katanga, akauawa Albertville Juni 1964. Hospitali kubwa ya umma ya Lubumbashi leo ina jina lake. Mtu ambaye mfumo haukumruhusu kuitwa daktari ndiye jina lake liko langoni, na madaktari wanapita chini yake kila asubuhi.

Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956. Miaka minne haitoshi kumtoa daktari. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru bila daktari hata mmoja Mkongo, na majuma machache baadaye mamia ya madaktari wa Kibelgiji walikuwa wameondoka. Shirika la Afya Duniani lilileta timu za dharura na kuwapeleka makumi ya wasaidizi wa madaktari Ufaransa kumalizia masomo. Hao ndio waliorudi kushika nchi yenye ukubwa wa bara.

Hebu tuvuke mpaka kidogo, maana wakati huohuo Kampala palitokea jambo ambalo kila mwandishi wa andiko la mradi anapaswa kulijua. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alikuwa ameandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya unaoua watoto. Alitaka kujua unapatikana wapi na hauko wapi. Alipata ruzuku ndogo mno, akanunua gari lililokwisha kutumika, na mwisho wa mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenzake wakaendesha maili zipatazo 10,000 kwenda kusini na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Kwa safari hiyo ramani ya ugonjwa ikapatikana, na nyuma yake kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Swali lilitoka wodini. Fedha zilikuja zimechelewa, tena kidogo, lakini zilikuta swali limekwisha kuzaliwa.

Katanga haikupata bahati hiyo mapema. Nchini Kongo chombo cha madaktari kilikuja kwanza: sheria ya Machi 1968 iliunda *Ordre des Médecins*, chombo kinachosajili madaktari na kusimamia maadili yao, na kanuni za maadili zikafuata mwaka 1970. Wanaoijua hali ya Kongo hutofautisha vitu vitatu ambavyo watu wa nje huvichanganya. Ordre ndiyo inayokupa namba na inayoweza kukunyang'anya. SYNAMED ni chama cha wafanyakazi, ndicho kinachoitisha mgomo. Halafu kuna vyama vya fani, vya watoto, vya uzazi, vya upasuaji, ambavyo kazi yake ni elimu na msimamo. Daktari mmoja anaweza kuwa katika vyote vitatu, na ada anayoikumbuka kulipa mara nyingi ni ile ya kwanza, maana bila hiyo hafanyi kazi.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na kitivo cha udaktari cha Lubumbashi kikahamishiwa Kinshasa. Lubumbashi ikaachiwa, pamoja na mengine, fasihi, sayansi za jamii na tiba ya mifugo. Jimbo lenye migodi mikubwa kuliko yote likabaki na chuo kinachofundisha kutibu ng'ombe. Muundo huo ulivunjwa mwaka 1981 na udaktari ukarudi, lakini vizazi kadhaa vya walimu vilikuwa vimepotea. Kisha mgodi wenyewe ukaanguka, kwa maana zote mbili. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 miaka kumi baadaye. Hospitali zake, shule zake na posho yake vilikwenda na shaba.

Kisha mambo mawili yakafuatana. Mwaka 1996 lile jarida la chama cha Ubelgiji, *Annales*, liliunganishwa na majarida mengine ya Ulaya likawa jarida moja la Kiingereza. Daktari wa Lubumbashi, aliyefundishwa kwa Kifaransa na anayemhoji mgonjwa kwa Kiswahili, akajikuta anatakiwa kuomba kwa lugha ya tatu. Na mwaka 2002 ikapitishwa sheria mpya ya madini, makampuni yakarudi, bei ya kobalti ikapanda, maelfu kwa maelfu ya watu wakashika chepeo na gunia.

Hapo swali likabadilika lenyewe. Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na Benoit Nemery wa Leuven, hawakuuliza mfanyakazi ana nguvu kiasi gani. Waliuliza kuna nini ndani ya jirani wa mgodi ambaye hafanyi kazi mgodini. Walikusanya mikojo ya watu 351, watoto na wazee, wanaokaa karibu na migodi na tanuru na wanaokaa mbali. Makala yao ilitoka mwaka 2009. Zaidi ya nusu ya waliokaa karibu kabisa na migodi na tanuru walikuwa na kobalti inayopita kiwango kilichowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto wa huko ilikuwa asilimia 87. Kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi na kobalti, hakuna mahali duniani palipokuwa pameripotiwa kiwango cha juu namna hiyo.

Nataka msomaji asipite haraka juu ya neno "kukusanya". Mkojo ni kitu rahisi katika andiko: mstari mmoja, vikopo kadhaa, bei kadhaa. Uwanjani ni kumfuata mama mlangoni kwake, umwambie kwamba wewe ni munganga, yaani daktari, hujaleta dawa, huuzi kitu, unaomba mkojo wa mtoto wake. Kikopo kiwe safi, maana vumbi la ua ndilo lilelile unalolitafuta, na punje moja ikiingia imeharibu kipimo. Kiandikwe namba wala si jina. Kiwekwe katika baridi katika mji ambao umeme unakatika unapotaka. Kisha kisafiri kwa ndege, kwa kuwa mashine za kupima madini kidogo namna ile zilikuwa Ubelgiji. Mama aliyesikia habari za batumbula utotoni kwa bibi yake anauliza kile ambacho ungeuliza wewe: mukojo ya batoto mutaipeleka wapi?

Na fomu ya ridhaa ndiyo inayotakiwa kumjibu. Kamati ya maadili ya tiba ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi haipitishi andiko bila fomu hiyo, na fomu lazima ieleweke. Hapo ndipo wengi wetu tunaojiona mabingwa wa Kiswahili tunapoanguka. "Utafiti" ni neno la Dar es Salaam. Katika mitaa ya Ruashi na Katuba wanasema *ankete*, na neno hilo limekaa pia polisi, kwa hiyo linatisha. "Sampuli" inahitaji maelezo. "Hiari" inaeleweka, ila si kila mtu anaamini kwamba munganga amekuja na hiari. Anayetafsiri fomu kwa Kiswahili sanifu kisafi amefanya kosa lilelile la wale waliotuma ripoti Brussels, ameandika kwa ajili ya kamati.

Baada ya makala ya 2009 swali lilifuatwa. Huko Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, watu waligundua mwaka 2014 kwamba madini yako chini ya nyumba zao. Wakachimba sebuleni na uani, mashimo yakateremka chini ya vitanda. Watafiti walipima wakazi 72, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini na dalili za madhara katika vinasaba. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati. Tangazo lilihusu mrabaha.

Lubumbashi yenyewe haihitaji kwenda Kolwezi kutafuta ushahidi. Upepo mkuu wa mji hutoka kusini mashariki, na moshi wa tanuru la zamani ulikwenda kaskazini magharibi karibu karne nzima. Ukifuata mkondo huo unafika Penga Penga, ambako ardhi imebaki uchi, nyasi chache zinazovumilia shaba zikiwa zimeshikilia udongo mwekundu. Watu wa chuo cha kilimo wamekuwa wakijaribu kupanda miti huko na kuona ipi inakubali. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kulisoma lile shamba.

Kisha likaja swali gumu kuliko yote, na hili lilitoka moja kwa moja katika wodi za uzazi za Lubumbashi. Wakunga na madaktari walikuwa wanaona watoto wanaozaliwa na vilema vya wazi. Je, kuna uhusiano na madini? Kuanzia Machi 2013 hadi Februari 2015 waliandikishwa watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, na wengine 108 wasio nazo kwa ajili ya kulinganisha. Walipimwa metali katika damu ya kitovu, mkojo wa mama na mahali pengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la *Lancet Planetary Health*, na orodha ya waandishi ina madaktari wa Lubumbashi na wa Ubelgiji pamoja. Wengi tulitarajia kobalti ndiyo itakayoshitakiwa. Damu ya kitovu ilionyesha manganizi na zinki. Lakini jambo lililofungamana na kasoro kwa nguvu kuliko yote halikutoka maabara. Lilitoka kwenye mahojiano: baba aliyekuwa na kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa mtoto wake kuwa na kasoro ulikuwa takribani mara tano na nusu ya ule wa wengine.

Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba hiki kimesababisha kile, na waandishi wenyewe walikuwa waangalifu. Huenda ni vumbi lililoganda katika nguo za kazi zinazofuliwa nyumbani, huenda ni mbegu ya baba yenyewe. Kila "huenda" ni andiko lingine, na kila andiko lina ukurasa wa nyuma wa fedha na sahihi ambao hadi sasa unajazwa zaidi Ulaya kuliko Kinshasa, na kuliko makampuni yanayochimba.

Mwaka 1912 munganga wa kambi alimsimamisha kibarua, akamwambia avue shati, akamgonga kifuani, akamwangalia meno, akaandika kama anafaa kwa kazi. Miaka mia baadaye, usiku, katika wodi ya uzazi, mtoto amekwisha kufunikwa kitambaa, na munganga mwingine, aliyezaliwa mjini humo, ameketi ukingoni mwa kitanda na fomu gotini. Anamuuliza mama umri wake, uzazi wa ngapi, anakaa mtaa gani. Anageuza ukurasa. Baba ya mutoto, anafanya kazi gani?